Programu huria: pale mwongozo unapokuwa nusu ya kazi

Uhuru wa kuibadili programu ya kompyuta hauna faida kubwa kwa mtu ambaye hakuelezwa namna ya kuibadili. Hayo yanadhihirika katika historia ya i3, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2009 na Michael Stapelberg, mtaalamu wa kompyuta kutoka Ujerumani.

i3 ni msimamizi wa madirisha. Hutolewa bila malipo, na yeyote ana ruhusa ya kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Msimamizi wa madirisha ni nini?

Mtu anaposoma barua pepe huku amefungua ukurasa wa intaneti na waraka anaouandika, kila kimoja hukaa katika dirisha lake. Ipo programu inayoamua dirisha lipi likae wapi, liwe na ukubwa gani, na lipi lipokee herufi zinazopigwa kwenye kibodi. Programu hiyo ndiyo msimamizi wa madirisha.

Katika Windows na katika kompyuta za Apple, kazi hiyo imefungamanishwa na mfumo mzima. Katika Linux, mtumiaji anaweza kuchagua msimamizi amtakaye. i3 huyapanga madirisha ubavu kwa ubavu, kama vigae sakafuni, na karibu kila jambo huendeshwa kwa kibodi bila kugusa kipanya.

Kwa nini ilianzishwa?

Waanzilishi wake walikuwa wakitumia programu nyingine, wmii. Kwa maelezo yao wenyewe, programu hiyo haikumudu vyema kompyuta zenye skrini zaidi ya moja, na ilikuwa haijasonga mbele kwa muda. Aidha, msimbo wake haukuwa na maelezo, hivyo ilikuwa vigumu kwa mtu wa nje kuurekebisha.

Kwa sababu hiyo, i3 ilijiwekea lengo la kuwa na msimbo unaosomeka na wenye maelezo ya kutosha. Imeandikiwa mwongozo wa mtumiaji, na waraka mwingine kwa wale wanaotaka kuugusa msimbo wenyewe.

Maandishi hayo huhifadhiwa mahali pamoja na msimbo. Anayebadili tabia ya programu anaweza kurekebisha maelezo yake papo hapo. Mwongozo unaotunzwa mbali na msimbo huzeeka upesi: programu hubadilika, nao huendelea kueleza mambo yaliyokwisha kuondolewa.

Mipangilio katika faili moja

Wasimamizi wa madirisha hutofautiana katika namna ya kuwapa watumiaji nafasi ya kubadili mambo. Anayetumia dwm, kwa mfano, hubadili msimbo wenyewe kisha huijenga programu upya. Anayetumia i3 huandika matakwa yake katika faili ya maandishi ya kawaida, kila agizo katika mstari wake: vitufe gani vifungue programu ipi, rangi gani zitumike, dirisha lipi liende wapi.

Akikosea, i3 humwonyesha utepe wa onyo juu ya skrini, na humwezesha kuuona mstari wenye kosa. Anaweza pia kuiagiza programu iikague faili kabla ya kuitumia.

Hata hivyo, kwa miaka mingi faili hiyo ilikuwa moja tu. Iliporefuka, ilikuwa kazi kuipitia. Mwenye kompyuta mbili, moja ya kazini na nyingine ya nyumbani, alilazimika kutunza faili mbili zinazokaribia kufanana. Wengine walijiandikia programu ndogo za kuunganisha vipande kuwa faili moja.

Mabadiliko ya mwaka 2021

Toleo la 4.20, lililotoka mwaka 2021, lilileta agizo jipya, include, linaloiambia i3 isome faili nyingine pamoja na ile kuu. Sway, programu iliyoanzishwa mwaka 2015 ili kufanya kazi kwa mtindo wa i3 katika mfumo mpya wa Wayland, ilikuwa tayari na agizo kama hilo.

Sasa rangi zinaweza kuwa na faili yake, vitufe faili yake na skrini faili yake. Mwongozo unaonyesha hata namna ya kuchagua faili kwa kutumia jina la kompyuta. Yanayohusu kompyuta zote huandikwa mara moja, na yanayohusu moja hukaa peke yake.

Lakini kugawanya nako kuna gharama. Kitufe kimoja kinaweza kupewa kazi mbili katika faili mbili, na mwenyewe asikumbuke ni zipi. i3 hutoa taarifa ya mgongano huo. Aidha, faili ikitajwa mara mbili husomwa mara moja tu, ili faili mbili zinazotajana zisizunguke bila mwisho. Mambo ya namna hii hayawezi kubuniwa na mtumiaji; ni lazima yaandikwe.

Nani hufaidika?

Mwenye rafiki mtaalamu anaweza kuuliza. Asiye naye, awe Kigoma au Muscat, hutegemea maandishi. Kwake, mwongozo mbovu ni sawa na mlango uliofungwa.

Lugha nayo ni sehemu ya mlango huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji watu wanaojua maneno kama ilivyohitaji wanaojua msimbo.

Ndiyo maana miradi mingi ya programu huria hupokea marekebisho ya mwongozo kama inavyopokea marekebisho ya msimbo. Mgeni aliyekwama jana mara nyingi ndiye anayejua vizuri zaidi ni sentensi gani inayokosekana.