Kukatiwa mkataba wakati wa konje ya uzazi: sheria inamlinda mama mpaka wapi?

Mama yuko nyumbani, mtoto ana majuma matatu. Simu inalia, ni mwenzake wa kazi. Anamwambia kwamba ku biro walifanya mkutano, pesa ya mradi imekatika, watapunguza watu, na meza yake tayari imekaliwa na kijana moja aliyekuja kumsaidia kazi. Barua hakuna. Mkubwa wa kazi hajamwita. Ni habari ya kusikia tu, lakini tangu siku ile mama hapati usingizi, hata mtoto akilala.

Wamama wengi wa Bunia, Beni, Butembo na Goma wamejikuta katika hali ya namna hii tangu mwanzo wa mwaka 2025. Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka ule, rais wa Marekani alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mashirika yaliyokuwa yakitumika kwa pesa ya USAID yalipokea amri ya kusimamisha kazi, na miradi mingi haikufunguliwa tena. Vita navyo vilifunga maduka, mabenki na ofisi katika miji mingine. Wakati wa kupunguza watu, jina la yule ambaye hayuko ku biro ni rahisi kuandikwa la kwanza. Haji kwenye mkutano, hawezi kujitetea, na kazi yake mtu mwingine anaifanya tayari.

Sasa, mkubwa wa kazi anaweza kumfukuza mama aliye katika konje ya uzazi? Hapana, hawezi. Lakini ulinzi ule una mwanzo na mwisho, na wengi wanaanguka pale unapoishia.

Sheria ya kazi ya Kongo ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa kidogo mwaka 2016. Kifungu cha 130 kinampa kila mwanamke anayezaa majuma 14 yanayofuatana: 6 mbele ya kuzaa, na yasiyozidi 8 kisha kuzaa. Kwa wakati ule wote anapata theluthi mbili za mshahara wake, na vitu alivyoahidiwa katika mkataba, kama vile nyumba, vinaendelea. Haki hiyo inabaki hata kama mtoto, kwa bahati mbaya, hakuishi. Na kifungu kilekile kinasema kwamba katika majuma hayo muajiri hawezi kuvunja mkataba. Hakisemi « isipokuwa mradi ukiisha » wala « isipokuwa pesa ikikosa ».

Tuseme mama moja alianza kazi mwezi wa tatu 2020 na mshahara wake ni dola 300. Akiwa katika konje anapaswa kupata dola 200 kwa mwezi. Zile 100 zinazopungua hazikuibwa, ni sheria yenyewe inayosema hivyo, labda mkataba wa shirika uwe unatoa zaidi. Lakini patro anayemwambia « hautumike, basi haulipwe » anavunja sheria.

Kuhesabu majuma kunaleta matata mingi. Wamama wengi wanatumika mpaka siku ya maumivu, wakifikiri kwamba majuma 14 yote yatawangoja kisha kuzaa ili wakae na mtoto. Kumbe sheria imeweka majuma 8 tu upande ule. Mama ambaye hakupumzika mbele ya kuzaa anafika juma la tisa akiwa nyumbani na moyo mtulivu, na ku biro wameandika kwamba ameacha kazi bila ruhusa. Hapo hakuna tena ulinzi wa kifungu cha 130, na patro aliyekuwa anatafuta sababu amepata moja bila kutoka jasho. Kuna wakubwa wa kazi wanaokubali kupanga majuma kwa namna nyingine, na ni vizuri, lakini maneno ya mdomo hayatoshi. Karatasi yenye tarehe tatu, ya kuanza konje, ya kuzaa na ya kurudi kazini, yenye sahihi ya muajiri, ina nguvu kuliko urafiki wa miaka kumi. Na kama mama alipasuliwa au amebaki mgonjwa, atume cheti cha munganga mbele ya tarehe ya kurudi kufika. Hapo mkataba unabaki umesimama juu ya ugonjwa, ni sababu nyingine lakini nayo inatambuliwa na sheria.

Konje ikiisha, mama anarudi kuwa mfanyakazi kama wengine. Kumbe anaweza kukatiwa mkataba? Ndiyo, lakini si kwa sababu yoyote. Kifungu cha 62 kinadai sababu ya kweli: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake kazini, ao mahitaji ya uendeshaji wa shirika. Kifungu hicho kinataja pia sababu zisizokubaliwa, na ndani yake muna mimba, kuzaa na yanayofuata kuzaa, majukumu ya jamaa, na kukosa kazini wakati wa konje ya uzazi.

Hakuna patro mwerevu atakayeandika « tunakuondoa kwa sababu ulizaa ». Ataandika « juu ya hali ya pesa ». Wakati mwingine ni ukweli kabisa. Kwa kutofautisha, swali ni moja: ile kazi imekufa, ao imepewa mtu mwingine? Kama kijana aliyekuja kusaidia kwa miezi mitatu bado anakaa pale, anafanya kazi ileile, mara nyingine hata kwa jina jipya, basi kazi haikufa. Aliyeondolewa ni mama, na sababu ya pesa inakuwa ngumu kuaminiwa mbele ya inspekta wa kazi. Barua-pepe za zamani, orodha ya kazi iliyokuwa katika mkataba, tangazo la kuajiri lililobandikwa kisha yeye kuondolewa, vyote hivyo vinasaidia kuonyesha ukweli.

Hata pesa ikiwa imekosa kweli, muajiri hachague majina kwa kupenda. Kifungu cha 78 kinamlazimisha kufuata mpangilio unaoangalia mambo matatu: ujuzi wa kazi, miaka ya utumishi ndani ya shirika, na mzigo wa jamaa. Mbele ya kukata watu, anapaswa kuwaandikia wajumbe wa wafanyakazi, wale watu wanawaita madelege, siku 15 mbele, ili watoe mawazo yao. Mtu aliyeondolewa kwa njia hiyo anapewa nafasi ya kwanza kama shirika linaajiri tena kazi ya aina yake ndani ya mwaka moja.

Katika mambo yale matatu hakuna neno « kutokuwepo ». Mama aliye katika konje anahesabiwa kama vile anakaa mezani pake. Miaka yake ya utumishi inaendelea. Na katika mzigo wa jamaa, mtoto aliyezaliwa juzi ni mtu tayari. Lakini muajiri anahesabu watoto anaowajua kwa karatasi. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa si cha kungojea mpaka siku ya masomo. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto ku etasivili. Fotokopi yake iende mara moja kwa mkubwa wa wafanyakazi, na mama abaki na alama ya kupokelewa.

Kama mkataba unavunjwa kisha konje, kwa sababu inayokubaliwa, kuna muda wa kumwarifu mfanyakazi: siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi zinaongezeka kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Yule mama wa mwezi wa tatu 2020, kama ametimiza miaka 5, ana haki ya siku 49 za kazi. Barua inayosema « kuanzia kesho usirudi » bila kulipa siku hizo ina deni ndani yake.

Yote hayo yanahusu mkataba usio na mwisho. Kwa mashirika mengi ya hapa mkataba ni wa mwaka moja, ao wa miezi sita, kufuatana na mradi. Hapo konje ya uzazi haiongezi maisha ya mkataba: tarehe iliyoandikwa ikifika, mkataba unaisha, hata kama mtoto ana siku tano. Ni jambo linalouma, lakini ndivyo lilivyo. Hata hivyo mama aangalie karatasi zake za zamani. Sheria inakataza kumpa mfanyakazi zaidi ya mikataba miwili ya muda, ao kuuongeza muda wa mkataba moja zaidi ya mara moja, na mkataba wa muda hauwezi kupita miaka miwili. Mtu ambaye amesaini mikataba minne, mitano kwa patro moja, mwaka kwa mwaka, anaweza kusimama mbele ya inspekta na kusema kwamba mkataba wake umekuwa wa bila mwisho. Vilevile yule ambaye hakuandikiwa kitu: bila karatasi, sheria inauchukua mkataba kuwa wa bila mwisho, mpaka mwingine aonyeshe kinyume. Wengi hawajui hilo, na wanaondoka kimya wakifikiri kwamba kukosa karatasi ni kukosa haki. Walio nje ya sheria hii ni watumishi wa kudumu wa serikali, waamuzi, askari na polisi. Wao wana kanuni zao.

Kuna pia mama anayerudi na kukuta kazi ipo, lakini imebadilika. Alikuwa anashika hesabu, sasa wanamwambia apokee wageni mlangoni. Ao wanamtuma mji mwingine na mtoto mgongoni. Muajiri anapaswa kutoa kazi ile waliyopatana, mahali walipopatana. Kama anataka kuibadilisha, ni mapatano mapya, na mama ana ruhusa ya kuomba yaandikwe na kupewa siku za kufikiri. Kama shirika limeuzwa ao limeungana na lingine wakati yeye yuko nyumbani, mikataba iliyokuwa hai inaendelea na mwenye shirika mpya. Na kila siku, mama anayenyonyesha ana mapumziko mawili ya nusu saa, yanayolipwa kama saa za kazi. Hiyo si zawadi ya mkubwa mwenye huruma.

Kwa upande wa karatasi, ya kuogopa kuliko zote si barua ya kukatiwa mkataba. Ni barua ya kuacha kazi mwenyewe, ile ambayo wanaileta tayari imeandikwa, na neno tamu: « saini hapa, tutakupa kitu kidogo cha mtoto, kisha mradi ukirudi tutakuita ». Aliyesaini ile, kwa karatasi hakufukuzwa, na maneno yote ya vifungu 62 na 78 yanakuwa magumu kuyatumia. Barua yoyote nyingine mama anaweza kuipokea kwa kuandika « nimepokea », tarehe, na sahihi. Kupokea si kukubali.

Kisha hapo njia inapita kwa inspekta wa kazi wa eneo. Si kwa kuchagua: tribinali haisikilize mashitaka ya kazi ambayo hayakupita kwanza kwa inspekta ili ajaribu kupatanisha. Anaita pande zote mbili, anasikiliza, na kama hawapatani anaandika hivyo, na kesi inaweza kuenda mbele ya tribinali ya kazi, ao tribinali kubwa ya eneo mahali ambapo ile ya kazi haijawekwa. Tribinali ikiona kwamba sababu haikuwa ya kweli, mfanyakazi anarudishwa kazini. Kama hilo haliwezekani, analipwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36.

Kwa wale wa Goma na Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na wa pili 2025, njia hiyo si rahisi hata kidogo. Lakini karatasi zinaweza kungoja kuliko mtu anavyofikiri: mashitaka ya mkataba wa kazi yana miaka mitatu tangu jambo lilipotokea. Mshahara ambao haukulipwa, na pamoja nao zile theluthi mbili za konje, una mwaka moja tu.