Mlango Mmoja kwa Mabara Matatu

Jumapili, tarehe 21 Novemba 1965, watu wapatao 60,000 walifurika katika Uwanja wa Olimpiki wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, kutazama mchezo wa kandanda ambao haukuihusu nchi yao hata kidogo. Upande mmoja walisimama vijana wa Korea ya Kaskazini, wafupi wa kimo na wepesi wa miguu. Upande wa pili walisimama Waaustralia, vipande vya watu, ambao wengi wao walicheza mpira baada ya kutoka kazini. Mwanamfalme Norodom Sihanouk, aliyekuwa mkuu wa nchi hiyo, alitaka kuwatendea haki wageni wake wote wawili. Inasimuliwa kwamba aliamuru nusu ya watazamaji waishangilie Korea na nusu nyingine waishangilie Australia, na watazamaji wakatii. Korea ilishinda kwa mabao 6 kwa 1. Siku tatu baadaye timu hizo zilirudiana papo hapo, na Korea ikashinda tena, mara hii kwa mabao 3 kwa 1.

Kwa michezo hiyo miwili tu, Korea ya Kaskazini ilijipatia nafasi katika fainali za Kombe la Dunia zilizofanyika Uingereza mwaka 1966. Msomaji anayejua jinsi timu zinavyotoana jasho katika mashindano ya mchujo atauliza: wengine walikuwa wapi? Iko wapi Afrika, iko wapi Asia iliyobaki? Jibu la swali hilo halipatikani uwanjani. Linapatikana katika vyumba vya mikutano, ambako orodha ya nafasi iliandikwa kabla mpira haujapigwa.

HESABU YA NAFASI

Fainali za 1966 zilikuwa na nafasi 16. Ulaya ilipewa 10, Uingereza mwenyeji ikiwa miongoni mwake. Amerika ya Kusini ilipewa 4, pamoja na ya Brazil iliyokuwa bingwa mtetezi. Amerika ya Kaskazini na ya Kati pamoja na visiwa vya Karibi zilipewa 1. Ikabaki nafasi 1, na hiyo ndiyo iliyotupwa katikati ya Afrika, Asia na nchi za bahari ya Pasifiki ili zigombee wenyewe kwa wenyewe. Bingwa wa mchujo wa Afrika, baada ya kuzishinda nchi zote za bara lake, alitakiwa afunge safari nyingine akapambane na mshindi wa Asia na Pasifiki. Akishindwa hapo, basi bara zima lingebaki nyumbani kusikiliza redio.

Waafrika walikataa. Ohene Djan wa Ghana, aliyekuwa mjumbe katika kamati ya utendaji ya FIFA, alikuwa mstari wa mbele, akiwa na Rais Kwame Nkrumah nyuma yake. Na pamoja naye alikuwa Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia, mmoja wa waasisi wa shirikisho la kandanda la Afrika. Hoja yao haikuwa ngumu kueleweka. Nchi za Afrika zilikuwa zimejipatia uhuru na zilikuwa zikicheza mpira wa kuonekana. Ghana ndiyo kwanza ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika mwaka 1963. Kwa nini bara lililojaa mataifa lisiwe na hata nafasi moja ya uhakika? Na juu ya hayo kulikuwa na jambo la Afrika ya Kusini na sera yake ya ubaguzi wa rangi. FIFA, chini ya Mwingereza Sir Stanley Rous, ilikuwa imeiondolea nchi hiyo adhabu ya kusimamishwa mwaka 1963, na wakati wa kupanga makundi ya mchujo ikaipeleka Asia, iwe mbali na majirani zake waliokataa kucheza nayo. Mkutano mkuu wa Tokyo wa 1964 uliisimamisha tena, lakini dhamira ya wakubwa ilikuwa imekwisha kuonekana.

Nchi zote 15 za Afrika zilizokuwa katika mchujo zilijitoa. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwamo katika orodha hiyo. Ghana, Sudan, Moroko, Nigeria, Ethiopia na nyinginezo zilikuwamo, na wachezaji wao wa kizazi hicho walipoteza nafasi ambayo umri haurudishi. Tunapousifu mgomo ule, na unastahili sifa, tusiwasahau vijana hao.

ASIA ILIYOGAWANYIKA

Asia nayo ilikuwa na ya kwake, tena mazito zaidi. Israel, iliyokuwa bingwa wa Asia mwaka 1964 nyumbani kwake, iliondolewa katika mchujo wa bara hilo ikawekwa Ulaya pamoja na Bulgaria na Ubelgiji, kwa kuwa majirani zake Waarabu hawakuwa tayari kukanyaga naye uwanja mmoja. Syria vile vile ilipelekwa Ulaya, katika kundi la Uhispania na Ireland, kisha ikajitoa kuwaunga mkono Waafrika. Kwa hiyo katika mchujo wa Asia wenyewe zilibaki Korea mbili, pamoja na Australia, ambayo ilikuwa haijawahi kuonja mashindano hayo.

Korea mbili zilikuwa zimetoka vitani mwaka 1953, na mkataba wa amani haukuwapo; palikuwa na usimamishaji wa mapigano tu. Jambo lililotokea Tokyo mwaka 1964, kabla ya Michezo ya Olimpiki, linaeleza hali yao kuliko hotuba nyingi. Mkimbiaji wa kike wa Kaskazini, Shin Geum-dan, mwenye muda bora kuliko wote duniani katika mbio za mita 400 na 800, alizuiwa kukimbia kwa kuwa alikuwa ameshiriki michezo ya GANEFO, ile iliyoandaliwa na Rais Sukarno mjini Jakarta mwaka 1963 baada ya nchi yake kugombana na wakubwa wa Olimpiki. Wanamichezo wa Kaskazini wakafungasha mizigo. Baba yake Shin alikuwa akiishi Korea ya Kusini, kwani vita viliwatenganisha binti akiwa mtoto. Mzee huyo alifika Tokyo, na wakaonana kwa dakika chache tu kabla binti hajaondoka kurudi kwao.

Katika hali kama hiyo, michezo ya mchujo ya mwaka 1965 ingechezewa wapi? Kwanza ilipangwa Japani. Baadaye ikahamishiwa Kambodia, kwa Sihanouk, aliyekuwa rafiki wa Kim Il Sung na mtu wa kutofungamana na upande wowote. Korea ya Kusini ikajitoa. Australia haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Korea ya Kaskazini, lakini ilikubali kwenda, na hivyo ndivyo hadithi yetu ilivyofika Phnom Penh.

Wapo waliosema, na si Ulaya tu, kwamba timu iliyopita kwa kukimbiwa na wenzake ingekwenda Uingereza kuaibika na kuliaibisha bara lake.

WAGENI WA MIDDLESBROUGH

Serikali ya Uingereza haikuitambua Korea ya Kaskazini. Askari wake walikuwa wamepigana dhidi ya jeshi la nchi hiyo miaka kumi na mitatu tu nyuma. Sasa bendera yake ingepeperushwaje? Wimbo wake wa taifa ungepigwaje? Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje waliumiza vichwa, na mwisho ikaamuliwa kwamba nyimbo za taifa zipigwe katika mchezo wa ufunguzi na katika fainali peke yake, kwani hakuna aliyedhani kwamba Wakorea wangefika fainali. Bendera zilipepea.

Wakorea walipangiwa Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. Walifungwa na Urusi mabao 3 kwa 0. Walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Chile hadi dakika mbili kabla ya kipenga cha mwisho, ndipo Pak Seung-zin akasawazisha. Watu wa Middlesbrough wakaanza kuwapenda. Jezi za timu ya mji huo ni nyekundu, na za wageni zilikuwa nyekundu vile vile; tena mfanyakazi wa kiwandani aliyechoka na jua lake hakawii kumtambua mtu anayekimbia mpaka pumzi ya mwisho.

Jumanne ya tarehe 19 Julai 1966 walikutana na Italia. Facchetti, Mazzola na Rivera wote walikuwamo uwanjani. Bulgarelli wa Italia aliumia, na kwa kuwa siku hizo hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mchezaji wa akiba, Waitalia wakabaki kumi. Katika dakika ya 42 Pak Doo-ik aliunasa mpira, akaachia shuti la chini, likatinga wavuni. Kipindi cha pili chote Italia ilihangaika bila kufua dafu. Timu iliyokuwa imetwaa Kombe la Dunia mara mbili ikarudi kwao, na mashabiki wake wakaipokea Genoa kwa nyanya mbovu. Uwanja ule wa Ayresome Park ulikwisha kubomolewa na mahali pake pakajengwa nyumba za kuishi, lakini alama ya shaba imewekwa katika bustani ya mojawapo ya nyumba hizo kuonyesha alipopigia mpira Pak Doo-ik.

Robo fainali ilichezwa Liverpool tarehe 23 Julai dhidi ya Ureno. Wakorea walilala katika nyumba ambayo Waitalia walikuwa wamejiwekea nafasi wakiwa na hakika ya kupita. Maelfu ya watu wa Middlesbrough waliwafuata. Dakika 25 za mwanzo zilipokwisha, ubao ulisomeka Korea 3, Ureno 0.

Kisha akaamka Eusébio. Alifunga manne peke yake, mawili kwa penalti, na José Augusto akaongeza la tano. Wakorea hawakujua kulinda ushindi. Walizidi kushambulia hata pale ambapo kocha mwenye hila angewarudisha wote golini. Mwisho ulikuwa 5 kwa 3.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika ya Mashariki anapopaswa kutua kidogo. Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Nahodha wake Mário Coluna naye alizaliwa Msumbiji, sawa na walinzi Hilário na Vicente. Siku hiyo hiyo waliyoivalia Ureno jezi, wapiganaji wa FRELIMO, ambao makao yao makuu yalikuwa Dar es Salaam, walikuwa wamekwisha kuwa msituni karibu miaka miwili wakipigana na Ureno hiyo hiyo. Eusébio alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao 9. Hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyokuwapo.

YALIYOFUATA

Kwa fainali za Mexico za 1970, Afrika ilipewa nafasi yake, na Moroko ikaichukua. Asia na Pasifiki zikapata ya kwao. Mwaka 1974 Sir Stanley Rous aliangushwa na João Havelange wa Brazil, aliyekuwa ametafuta kura Afrika na Asia. Mwaka huo huo shirikisho la Asia liliitoa Israel katika uanachama, kwa hoja iliyoletwa na Kuwait. Australia, mgeni wa Sihanouk, ilihamia Asia rasmi mwaka 2006. Katika Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48, Afrika imetengewa nafasi 9 za moja kwa moja na Asia 8.

Lakini Korea mbili bado zina matatizo yale yale ya bendera na wimbo. Mwaka 2008 Pyongyang ilikataa kupandisha bendera ya Kusini, ikabidi mchezo wa mchujo upelekwe Shanghai. Tarehe 15 Oktoba 2019 Kusini ilikubaliwa kuingia Pyongyang kwa mchujo wa fainali za 2022. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alikuwapo jukwaani. Mchezo haukutangazwa moja kwa moja na televisheni wala redio. Familia za wachezaji mjini Seoul zilipata matokeo kwa vipande vipande. Uwanja huo una viti makumi ya maelfu, na siku hiyo hapakuwa na mtazamaji hata mmoja wa kushangilia upande wowote. Timu zilitoka sare, 0 kwa 0.