MTOTO ANAKWENDA KAMBINI: ULIZA KABLA YA KUMKABIDHI

Katikati ya mwaka watoto wengi hulala nje ya nyumba zao. Wengine huitwa kwenye kambi ya UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi. Wengine huenda kambi ya skauti. Wengine huenda kambi ya kanisa au ya madrasa.

Kambi ni jambo jema. Mtoto hujifunza kufua nguo zake, kula na wenzake na kufuata saa. Lakini kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hatulifikirii. Mara nyingi kambi huwekwa katika shule ya kutwa. Madawati hutolewa nje, magodoro hutandikwa chini, na darasa huwa bweni. Ndivyo inavyoweza kuwa Mbagala au Chamazi huko Temeke, na pia Bunju au Mabwepande huko Kinondoni.

Darasa lilijengwa kwa kusomea mchana. Halikujengwa kwa kulala. Kwa hiyo usalama wa usiku hauji wenyewe. Lazima watu wauandae. Na wewe mzazi lazima uulize kama umeandaliwa.

MAJI NA CHOO

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni. Baadaye kikaenea katika mikoa mingi. Ugonjwa huu hupita katika maji na chakula chenye uchafu wa choo. Watoto wengi wakikaa pamoja, mmoja akiugua, wengine huugua upesi.

Maji ya kisima yanaweza kuonekana meupe na bado yakawa na vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji. Kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, au yatoke kwa koki.

Sasa hesabu vyoo. Mwongozo wa shule zetu unataka tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Kambi yenye wasichana 60 inahitaji matundu 3. Kambi yenye wavulana 50 inahitaji matundu 2. Karibu na choo pawe na maji na sabuni. Wasichana wawe na mahali pa faragha pa kujisafisha wakati wa hedhi.

Mtoto akianza kuharisha, apewe maji ya chumvichumvi mara moja. Pakiti zake hupatikana zahanati na dukani. Kama hakuna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae kupita kiasi. Koroga vizuri. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati.

MBU WA USIKU NA MBU WA MCHANA

Mbu wa malaria huuma usiku. Kila mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa. Darasani hakuna kitanda cha kufungia chandarua. Basi uliza: kamba zitafungwa wapi? Kama hakuna jibu, vyandarua vitabaki ndani ya mabegi.

Mbu wa dengi huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyo huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye vifuu, makopo na matairi. Eneo la kambi lisafishwe kabla watoto hawajafika.

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Asipewe aspirini. Kama ana dengi, aspirini inaweza kumfanya atoke damu.

MOTO WA USIKU

Mwezi Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, liliungua usiku. Wasichana 12 walikufa. Ilielezwa kwamba moto ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma. Mwezi Septemba 2020 bweni la Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, liliungua pia. Watoto wasiopungua 10 walikufa.

Iringa na Kagera ni mbali na Temeke. Lakini mshumaa ni ule ule, na godoro ni lile lile. Madirisha ya madarasa mengi yana nondo. Mlango ukifungwa kwa kufuli kutoka nje, mtoto atatokea wapi?

Kwa hiyo mishumaa, vibatari na dawa za mbu za kuwasha zisiingie wanapolala watoto. Watumie tochi. Mlango ufunguke kutoka ndani. Njia ya kuufikia isizibwe na mabegi. Mtu mzima akeshe zamu. Usiku wa kwanza watoto wafanye mazoezi ya kutoka nje na kuhesabiwa. Namba ya Zimamoto ni 114.

MTOTO MWENYE MARADHI YAKE

Wazazi wengine huficha ugonjwa wa mtoto. Wanaogopa ataachwa. Kuficha huko kunaweza kumwua.

Katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka na ugonjwa wa selimundu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji mengi ya kunywa. Apate nguo za joto wakati wa baridi ya kusi, na apumzike anapochoka. Akipata homa au maumivu makali ya mifupa, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mwalimu asiyejua atadhani mtoto ni mvivu, naye atamkimbiza uwanjani.

Vivyo hivyo kwa pumu na kifafa. Andika katika karatasi jina la mtoto, ugonjwa wake, dawa zake na saa za kuzitumia. Andika na namba yako ya simu. Mpe mwalimu mkononi, pamoja na dawa.

BAHARI

Watoto wa kambi hupenda kupelekwa Kunduchi au Kigamboni. Maji ya bahari hujaa na kupwa, na mkondo huweza kumvuta hata anayejua kuogelea. Watoto waingie majini wawili wawili, mbele ya mtu mzima anayejua kuogelea. Wahesabiwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

MTOTO AWE NA WA KUMWAMBIA

Wasichana wawe na mlezi wa kike. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa. Mwambie mwanao kabla hajaondoka: "Mwanangu, mtu akikushika vibaya, kataa. Akikwambia iwe siri, usikubali. Niambie mimi. Sitakupiga." Simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Haina malipo.

Watoto wadogo sana wasiende. Mwezi Machi 2023 serikali ilisitisha bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa sababu umri huo unahitaji malezi ya wazazi.

KUULIZA SI UTOVU WA ADABU

Wengine husema, "Mimi nani hata nimuulize mwalimu?" Ndugu msomaji, wewe ni mzazi. Uliza kwa heshima:

"Mwalimu, habari za kazi? Naomba kuona watakapolala watoto."

"Karibu, mama. Watalala darasa lile."

"Na usiku atakesha nani?"

Mwalimu mwema atafurahi. Mzazi anayeuliza humsaidia kazi yake. Kama jibu ni "tutaona huko huko", kambi hiyo haijawa tayari. Waiteni wazazi wenzenu na kamati ya shule, mkamilishe kinachopungua. Kama hakikamiliki, mtoto abaki nyumbani. Kambi nyingine itakuja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kambi ina wasichana 80 na wavulana 75. Inahitaji matundu mangapi ya choo?
2. Kwa nini mlango wa watoto waliolala usifungwe kwa kufuli kutoka nje?
3. Shule ya kijijini kwenu ikiwa kambi leo, ni kitu gani kitapungua usiku?