Kutaja na Kugeuza: Ramani ya Visima vya Kiamunyi

Makala haya yakusudia kueleza jambo moja liwatatizalo wengi wachorao ramani kwa kompyuta, yaani tofauti iliyopo baina ya kuutaja mfumo wa vipimo na kuugeuza. Mfano wetu ni Kiamunyi, kaskazini-magharibi ya jiji la Nakuru.

Dunia ni mviringo, na karatasi ni bapa. Ili mahali paweze kupimwa kwa mita, dunia imegawanywa katika kanda 60, kila moja yenye upana wa digrii 6 na hesabu yake yenyewe. Mpaka baina ya ukanda wa 36 na wa 37 ni longitudo 36 Mashariki, ambayo huikata barabara itokayo Nakuru kupitia Kiamunyi hadi Kabarak. Kisima kilichochimbwa mpakani huwa na nambari ya mita 834,000 hivi katika ukanda wa 36, na 166,000 hivi katika ukanda wa 37. Kisima ni kile kile.

GeoPandas, ambayo ni maktaba ya lugha ya programu iitwayo Python, ina amri mbili hapa. Amri ya set_crs hutaja tu mfumo ambao nambari ziliandikwa kwao; to_crs huzikokotoa nambari upya. Kuandika neno "Kiswahili" juu ya jalada la mswada wa Kigikuyu si kuutafsiri.

Tuseme visima vya Kabarak vimeandikwa kwa ukanda wa 36, na vya Kiamunyi kwa ukanda wa 37. Mchoraji akivitaja vyote kuwa vya 37, vile vya Kabarak vitasogea kilomita 668 hivi mashariki, viangukie Somalia. Hapana budi kwanza kulitaja kila jedwali kwa ukanda wake, kisha kuyageuza yote yawe ya mfumo mmoja, ndipo yaunganishwe na kuchorwa.

Kosa hilo huonekana mara moja. La kuogopwa zaidi ni dogo. Ramani za zamani za Kenya zilitumia mfumo wa Arc 1960, ilhali vipimo vya setilaiti hutumia WGS 84. Mifumo hii ikichanganywa, mahali husogea takriban mita 300 tu. Ramani itapendeza machoni, na kisima kitakuwa kimeingia katika shamba la jirani.