Klachi ya gari la mbio: Kwa nini iliyo ngumu kuliko zote huenda isikufae

Barabara itokayo Jinja kuelekea Mbale ina urefu wa kama kilomita 150. Hupita Iganga, ikaachana na njia ya Tororo pale Nakalama, kisha ikakata mabonde ya mpunga kupitia Namutumba na Tirinyi hadi chini ya Mlima Elgon. Kwa gari la kawaida, hiyo ni safari ya saa chache tu. Kwa gari la mbio lililofungwa klachi isiyolifaa, ni safari inayoweza kukatizwa njiani, au kuishia kwenye mwinuko wa kwanza wa Wanale huku injini ikinguruma na magurudumu yakikataa kusonga.

Miji hii miwili kwa nyakati mbalimbali imekuwa mwenyeji wa raundi za mashindano ya taifa ya mbio za magari, yanayosimamiwa na Shirikisho la Vilabu vya Michezo ya Magari Uganda, FMU. Magari yanayoonekana sana katika mashindano hayo ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, mengi yakiwa yametumika kwingine kabla ya kufika Uganda. Wamiliki wake si matajiri wote. Wapo wenye gari moja tu, linaloshindana Jumamosi na kwenda kazini Jumatatu. Kwa mtu wa namna hiyo, kukosea katika kuchagua klachi si hasara ya klachi peke yake, kwani giaboksi nayo yaweza kuvunjika, na msimu wote ukapotea.

Klachi hufanya nini?

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Upande wa injini kuna flaiwili, sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na krankishafti. Juu yake hufungwa presha pleti yenye springi kubwa. Kati ya hizo mbili hukaa klachi pleti, iliyovishwa pande zote mbili nyenzo ya msuguano. Dereva akiachia pedali, springi huibana klachi pleti kwenye flaiwili, nazo huzunguka kama kitu kimoja. Akikanyaga, beringi ya klachi huiondoa ile nguvu ya kubana, na injini huachana na magurudumu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Klachi haiongezi nguvu ya gari hata chembe. Hupitisha ile iliyopo. Klachi inayotosha ikibadilishwa kwa iliyo kali zaidi, gari haliongezi kasi kwa sababu hiyo. Linalobadilika ni mahali ambapo mshtuko utakwenda kuishia.

Hesabu ya fundi

Uwezo wa klachi hutegemea mambo manne: kiwango cha msuguano wa nyenzo, nguvu ya springi, umbali wa wastani kutoka katikati ya pleti hadi kwenye nyenzo, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Tuchukue mfano wa klachi ya pleti moja. Msuguano wake ni 0.3, springi inabana kwa nyutoni 8,000, umbali wa wastani ni sentimita 9.5, na nyuso ni mbili. Ukizidisha vyote, baada ya kugeuza sentimita kuwa mita, unapata nyutoni mita 456.

Lancer Evolution IX, iliyotoka mwaka 2005, iliondoka kiwandani na nguvu ya mzunguko ya takriban nyutoni mita 400. Kwa hiyo klachi ya mfano wetu inatosha, na ziada kidogo inabaki. Lakini ikipata joto kali, tuseme dereva ameondoka mara kadhaa kwa kishindo mlimani, msuguano waweza kushuka hadi 0.2. Uwezo unabaki nyutoni mita 304, nayo klachi inaanza kuteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto huzidisha kuteleza. Ndiyo maana klachi iliyokuwa nzima asubuhi huweza kuwa majivu kabla ya adhuhuri.

Tazama pia kwamba hesabu hii haikugusa nguvu za farasi. Kwa miaka mingi, magari ya turbo ya Kundi N yalilazimika kuvuta hewa kupitia tundu lenye kipenyo kisichozidi milimita 32. Tundu hilo lilizuia nguvu za farasi kupanda, lakini injini iliendelea kutoa nguvu kubwa ya mzunguko katika mwendo wa chini. Kwa hiyo anayemwambia muuzaji “gari langu lina farasi 300” hajamwambia linalohitajika. Taja nguvu ya mzunguko, uzito wa gari, ukubwa wa matairi na kazi utakayoifanya.

Aina tatu na tabia zake

Ya kwanza ni klachi ya nyenzo laini, inayofanana na ile ya kiwandani lakini ikiwa na presha pleti yenye springi kali zaidi. Hushika taratibu, huvumilia foleni za mjini, wala haiushtui mguu wala giaboksi. Udhaifu wake ni joto. Ikiungua mara moja, mara nyingi hairudii hali yake.

Ya pili ni klachi ya vipande vya seramiki au vya unga wa madini uliogandamizwa na kuokwa, vikiwa vinne au sita badala ya duara zima. Msuguano wake huwa wa juu na huvumilia joto zaidi. Katika mfano wetu, msuguano wa 0.4 ungeupandisha uwezo hadi nyutoni mita 608 bila kubadilisha springi. Lakini hushika ghafla, gari huruka linapoondoka, na uso wa flaiwili huliwa upesi.

Ya tatu ni klachi ya pleti mbili au zaidi. Kwa kuwa nyuso zinazosuguana zimeongezeka, hupata uwezo mkubwa bila kuhitaji springi ngumu mno. Bei yake ni ya juu, na mara nyingi huuzwa pamoja na flaiwili yake.

Chaguo hutegemea barabara. Kwenye udongo uliolowa wa mashamba ya miwa ya Kakira, magurudumu huteleza kabla ya klachi, na hivyo kuipunguzia mzigo. Kwenye lami kavu, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halipati nafuu hiyo: matairi yanashika, na kitu cha kuteleza kinabaki kuwa klachi. Klachi nayo ikikataa kuteleza, mshtuko unaingia kwenye meno ya gia. Giaboksi ya gia tano ya Impreza WRX inajulikana kuwa haina ustahimilivu wa ile ya gia sita ya STI. Mwenye gari la gia tano akifunga klachi kali kuliko zote sokoni, amekihamisha kipengele dhaifu kutoka kwenye kitu cha bei nafuu hadi kwenye kitu cha bei ghali.

Kwa gari linalofanya kazi zote mbili, kanuni ya busara ni kuchagua uwezo unaoizidi nguvu ya injini kwa robo hivi, hadi theluthi, kisha kusimama hapo.

Kabla ya kulipa

Kwanza, hakikisha ugonjwa ni wa klachi. Gari likiwa kwenye gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka mwisho mahali salama penye mwinuko. Sauti ya injini ikipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Lakini kama tatizo ni gia kukataa kuingia, huenda klachi ni nzima na kasoro iko kwenye hewa iliyonaswa katika mfumo wa mafuta ya klachi, au kwenye pampu yake.

Pili, jua kama gari lako linatumia mfumo wa kusukuma au wa kuvuta. Lancer Evolution kuanzia toleo la IV hadi la IX, na Impreza nyingi za turbo za miaka ya nyuma, hutumia mfumo wa kuvuta. Presha pleti ya mfumo mmoja haiwezi kufanya kazi katika mwingine, hata kama matundu ya bolti yanalingana.

Tatu, jihadhari na bidhaa bandia. Sanduku lenye jina la Exedy au Sachs si uthibitisho wa kilichomo ndani. Linganisha namba ya kipuri na ile ya orodha ya mtengenezaji. Weka klachi mpya kando ya ile kuukuu, upime kipenyo, uhesabu meno ya katikati, na utazame urefu wa vidole vya springi. Dakika tano dukani zinaokoa siku mbili chini ya gari.

Kuifunga

Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Betri ifunguliwe. Katika Lancer Evolution, kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma huondolewa kwanza. Katika Impreza ya mfumo wa kuvuta, kuna pini inayoshikilia uma wa klachi, ambayo hutolewa kupitia tundu lenye kifuniko ubavuni mwa giaboksi. Fundi asiyelijua hilo huivuta giaboksi kwa nguvu mpaka akavunja kitu.

Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Baadhi ya klachi pleti, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo huharibu mapafu. Vaa barakoa na ufute kwa kitambaa kilicholowa.

Kisha ichunguze flaiwili. Nyufa na madoa ya buluu ni dalili za joto lililopita kiasi. Ikiwa bado inafaa, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza ili uso unyooshwe. Wapo wanaopenda flaiwili nyepesi kwa sababu injini hupandisha mwendo haraka. Wajue kwamba haihifadhi joto vizuri, na kwamba kuondoka mlimani huwa kugumu zaidi. Tazama pia sili ya nyuma ya krankishafti. Tone la oili juu ya klachi mpya linatosha kuiharibu, na katika injini za Impreza za zamani uvujaji wa sehemu hiyo ni jambo la kawaida.

Safisha flaiwili na presha pleti kwa kisafishio cha breki. Klachi pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi. Ukiigeuza, klachi haitaachia. Iweke katikati kwa kifaa chake maalumu, paka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti, kisha kaza bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, ukimalizia na spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Badilisha beringi zote mbili hata kama za zamani zinaonekana nzima, kwa maana kazi ya kuzifikia ni ileile. Mwisho, toa hewa yote kwenye mfumo wa mafuta na uhakikishe pedali ina nafasi kidogo ya kuchezea kabla ya kuanza kusukuma.

Kilomita za uvumilivu

Klachi mpya ya nyenzo laini huhitaji kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa upole ili nyuso zake zikubaliane. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Dereva hufunga klachi Jinja siku ya Alhamisi, akaenda Mbale Ijumaa, akaamini kwamba safari ile imeizoesha. Lakini kwenye barabara kuu klachi imeshikana muda wote; haijifunzi chochote. Kinachoizoesha ni kuondoka na kusimama: sokoni, kwenye mizunguko ya mjini, nyuma ya bodaboda na mabasi madogo. Siku moja ya foleni ina faida kuliko safari nzima ya Tirinyi.

Kwa hiyo mwenye mashindano Jumamosi asifunge klachi wiki hiyo. Aifunge wiki kadhaa kabla, alitumie gari kwa shughuli za kila siku, asilale na mguu juu ya pedali, wala asilizuie gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Mlima wa Wanale utakuwapo palepale, na klachi iliyozoeshwa kwa subira ndiyo itakayolifikisha gari juu na kulirudisha Jinja.