Mwani uliovushwa mipakani wasaidia kueleza mmea unavyostahimili ukame

Mahindi, mchele na maharage yanayovuka mipaka ya Afrika Mashariki kila siku yana asili moja: mwani wa kijani wa maji baridi, ambao kizazi chake kilihamia nchi kavu takriban miaka milioni 500 iliyopita.

Ndugu wa karibu wa mimea hiyo bado wapo. Mmojawapo ni Zygnema, nyuzi laini za kijani zinazoelea madimbwini, ambazo mchota maji huzisogeza kando kwa ndoo.

Kwa utafiti, nyuzi hizo hazichotwi tu. Chembe hai moja hutengwa kwa hadubini, husuuzwa hadi ibaki peke yake, kisha hukuzwa kwenye chupa yenye virutubisho, chini ya taa zinazowashwa na kuzimwa kama mchana na usiku. Kila baada ya muda, sehemu ndogo huhamishiwa chupa mpya. Kazi hiyo ikisahauliwa, ukoo mzima hufa.

Hazina mojawapo kubwa ya mwani iko Göttingen, Ujerumani. Mwanzilishi wake, Ernst Georg Pringsheim, mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa akifundisha Prague. Mwaka 1938 alikimbilia Uingereza pamoja na mwani wake, ukawa chanzo cha hazina ya huko. Mwaka 1953 alirejea Ujerumani na mbegu ya hazina ya Göttingen.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha ramani za vinasaba vya koo nne za Zygnema, zilizotunzwa Göttingen na Texas, Marekani.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, tafiti zilionyesha kuwa mwani wa kundi hilo una jeni za jamii ileile ambayo kwenye mimea hupokea homoni ya ukame, na vitundu vya majani vikafunga ili maji yasipotee. Kwenye mwani, jeni hizo hufanya kazi bila kuisubiri homoni. Yaani kifaa kilikuwepo majini. Mimea ikakipa kazi mpya nchi kavu.

Mwani hautatoa mbegu mpya ya mahindi kesho. Lakini mfanyabiashara anajua gharama ya ukame: shamba likikauka, bei hupanda na baadhi ya nchi huzuia nafaka kutoka. Anayetaka mmea unaovumilia kiu lazima kwanza aelewe uvumilivu huo ulivyoanza, na jibu linatunzwa chupani.