Mizigo ya ndege: maana ya kilo zilizoandikwa kwenye tiketi

Wetherill Park ni kitongoji cha maghala na viwanda kilichoko magharibi mwa Sydney, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji hilo. Kimo katika manispaa ya Fairfield, ambako zaidi ya nusu ya wakaazi walizaliwa nje ya Australia. Likizo ya Disemba inapokaribia, masanduku hushushwa kutoka juu ya makabati na mizani ya bafuni hupata kazi ya pili.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi upande huo wa jiji, safari ya kwenda nyumbani ni ndefu. Hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Sydney hadi Nairobi, Dar es Salaam wala Entebbe. Abiria hubadilisha ndege Dubai, Doha au Johannesburg, na mara nyingi hapo ndipo hesabu ya kilo inapovurugika.

Mashirika ya ndege hutumia taratibu mbili. Wa kwanza ni wa uzito: abiria hupewa jumla ya kilo, tuseme 30, naye huzigawa katika mabegi apendavyo. Wa pili ni wa vipande: huruhusiwa mabegi mawili, kwa mfano, kila moja lisizidi kilo 23. Katika utaratibu huu wa pili, begi la kilo 26 na jingine la kilo 18 hayafidiani. Jumla ni ndogo kuliko kiwango, lakini la kwanza hulipiwa.

Shirika lile lile laweza kutumia uzito kwa safari inayoanzia Australia na vipande kwa safari inayoanzia Afrika. Ndiyo maana aliyekwenda bila matatizo hushangaa anaporudi. Aidha, karibu kila mahali begi moja halipokelewi likizidi kilo 32, hata kama mwenyewe amelipia zaidi, kwa sababu kuna binadamu anayelinyanyua kwa mikono.

Tiketi moja au mbili

Kiwango halali ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi ya msafiri mwenyewe. Alichobeba jirani mwaka jana hakihusiki.

Tiketi ikiwa moja hadi mwisho wa safari, kwa kawaida kiwango kimoja hufuata njia nzima, hata ndege zikiwa za mashirika mawili. Lakini aliyenunua tiketi ya Sydney hadi Dubai, kisha nyingine ya bei nafuu kutoka Dubai kwenda mbele, ameingia mikataba miwili. Shirika la pili halilazimiki kuheshimu kilo za la kwanza, na malipo ya ziada katika kaunta aghalabu huwa ghali kuliko yanayofanywa mapema. Unafuu wote wa tiketi huishia hapo.

Kabla ya kuondoka kaunta, inafaa kusoma kitambulisho kilichofungwa kwenye begi. Kikiandikwa NBO, begi linakwenda Nairobi. Kikiandikwa DXB, litashukia Dubai. Na anayeendelea na safari kwa ndege ndogo za kwenda mbugani au pwani azingatie kwamba nyingi kati ya hizo huruhusu kilo 15 tu, tena katika mfuko laini.

Kuhusu mzigo wa mkononi, masharti ya vimiminika yalitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006. Australia iliyaanza tarehe 31 Machi 2007 kwa safari za kimataifa: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vienee katika mfuko wa lita moja. Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu hukataliwa. Samli, asali na achari mahali pake ni katika begi la chini.

Betri za akiba za kuchajia simu ni kinyume chake: hizo hubebwa mkononi, kwani zikishika moto ndani ya shehena wahudumu hawawezi kuzifikia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, shirika la Emirates linaruhusu moja tu kwa kila abiria, na haitumiwi ndani ya ndege.

Kuna pia jambo dogo linalosahaulika, mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Zawadi ni vyema zifungwe kwa kitambaa au karatasi.

Vifurushi vya watu

Katika desturi za Afrika Mashariki, mtu mmoja akisafiri husafiri na mizigo ya ukoo mzima. Kuna viatu vya mtoto wa shangazi, dawa za bibi, na bahasha ya mtu ambaye msafiri hamfahamu vizuri. Katika kaunta huulizwa: je, umefunga mizigo hii mwenyewe? Swali hilo si la adabu tu. Mwenye begi ndiye atakayejibu kwa kilichomo.

Oktoba 2004, raia wa Australia Schapelle Corby alisafiri kutoka Brisbane kupitia Sydney hadi Bali, Indonesia. Maafisa wa forodha walikuta zaidi ya kilo nne za bangi katika mfuko wa ubao wake wa kuchezea mawimbini, mfuko ambao haukuwa na kufuli. Alisema hakujua ilivyofika humo. Mahakama ya Denpasar haikuukubali utetezi huo, na Mei 2005 ilimhukumu kifungo cha miaka 20. Aliachiwa kwa masharti Februari 2014, na kurejea kwao Mei 2017.

Nchini Australia kwenyewe, kuingiza dawa za kulevya kwa kiwango cha biashara kunaweza kuleta kifungo cha maisha.

Tatizo ni heshima. Mzee akileta kifurushi kilichokwisha kushonwa, kumwomba akifungue huonekana kama kumshuku. Njia isiyomvunjia mtu uso ni kutangaza tangu mwanzo kwamba kila kitu kiletwe kikiwa wazi, na msafiri atakifunga mwenyewe.

Wakati wa kurudi, Australia humtaka abiria kutaja katika fomu ya kuingilia nchini vyakula vyote, mbegu, vitu vya mbao na vya wanyama: dagaa, nyama kavu, kinyago, ngoma iliyowambwa ngozi. Kitu kilichotajwa chaweza kuchukuliwa, lakini hakimletei faini aliyekitaja. Kilichofichwa chaweza kugharimu zaidi ya dola 6,000 za Australia, na mwenye viza huweza kufutiwa.

Begi lisipofika

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaozihusu Australia, Kenya na Tanzania miongoni mwa nchi nyingi, umeweka ukomo wa fidia. Tangu tarehe 28 Disemba 2024 ukomo huo ni vizio 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani, tena kwa abiria, si kwa kila begi. Dhahabu, fedha taslimu na hati za uhamiaji hazina nafasi katika begi la chini.

Begi lililoharibika lilalamikiwe ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu lipokelewe. Lisipoonekana kabisa kwa siku 21 baada ya siku lilipopaswa kufika, mwenyewe anaweza kudai kama lililopotea. Malalamiko hayo lazima yawe ya maandishi; maneno yaliyosemwa kwenye kaunta, hata kwa sauti kubwa, hayahesabiwi.